Maana ya Jina "Balokole"

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina hili Balokole. Wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka. Twapenda kueleza asili yake, kwa maana asiyejua maana ya jina huwahukumu watu kwa uvumi.

Neno lenyewe ni la Kiganda. Shina lake ni lokoka, nalo ni ndugu wa neno letu okoka. Mtu mmoja huitwa Mulokole. Wengi ni Balokole, yaani watu waliookoka. Huko Ankole husemwa Abarokore, nao Wakikuyu husema Ahonoki, maana ni ile ile.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Dr. Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda. Walikutana Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifundisha Gahini hata alipofariki Januari 1936. Kabla ya mwaka 1940 uamsho huo ulikuwa umefika Kenya na Tanganyika.

Ugomvi ulitoka katika jina. Anayesema "nimeokoka" asema jambo limekwisha timia. Wazee wa kanisa wakauliza: Mtu awezaje kunena hivi, naye angali hai, na siku ya hukumu haijafika? Tena, kama hawa ndio waliookoka, sisi tuliobatizwa zamani tu nani? Ubishi ukazidi, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono.

Balokole walijibu kwamba kuokoka si sifa ya mtu, bali ni kazi aliyotendewa na Mungu. Kwa hiyo walikiri dhambi zao mbele ya watu, na aliyeiba alirudisha mali kwa mwenyewe. Walakini hata wao hawakukosa watu wenye kiburi, waliowadharau wenzao kwa ajili ya jina.

Yafaa tujue pia kwamba wenyewe kwa wenyewe huitana ab'oluganda, yaani ndugu wa ukoo mmoja. Jina hili ndilo zito zaidi, kwa kuwa liliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, hata na Wazungu. Katika vita vya Mau Mau, vilivyoanza mwaka 1952, wengi wao katika Kenya walikataa kula kiapo, na wengi walikataa pia kushika bunduki za serikali. Hivyo waliziudhi pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Uganda mwaka 1977, wakati wa Idi Amin.

Basi, jina ni rahisi kutamka. Uzito wake hupimwa siku mtu anapoulizwa kama angali analishika.