Mtihani wa Excel ya juu: kabla hujalipa dola, kaa kwanza na daftari la kahawa

Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi tuliomaliza sekondari tunaulizana tukiwa kafe: ule mtihani wa Excel ya juu wa Microsoft. Wengi wamesikia tu kwamba kuna "cheti cha kimataifa", wanaanza kukusanya hela hata kabla ya kujua wanakwenda kupimwa nini. Hela yenyewe ni ya maharage au ya kahawa ya mzee, sasa ikiliwa hivi hivi inauma.

Jina lake ni Microsoft Office Specialist, kwa kifupi MOS, na ngazi ya juu upande wa Excel inaitwa Excel Expert. Chini yake kuna Associate, lakini si lazima upite Associate ndipo uende Expert. Anayeendesha ni Certiport, ambayo iko chini ya Pearson VUE. Ule wa Excel ya Microsoft 365 una namba MO-211. Dakika 50 tu, na alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Tumezoea mitihani ya NECTA, unakariri noti, unaandika maelezo. Huu si hivyo. Unafunguliwa Excel yenyewe, mbele yako kuna faili la kazi, chini kuna maelekezo: fanya hiki, halafu hiki. Ukimaliza faili moja linakuja lingine. Hakuna anayekuuliza PivotTable ni nini. Anakuambia itengeneze, na kompyuta inaangalia umetengeneza au hukutengeneza. Umeifikia kwa panya au kwa kibodi, haijali. Ila kama umeambiwa uandike neno fulani na ukakosea herufi moja, hiyo imekwenda. Kwa hiyo yule jamaa anayeuza "maswali yaliyovuja" kwenye flashi anakuuzia karatasi. Hata ukiyajua maswali, mkono ambao haujazoea hauwezi kumaliza ndani ya dakika 50.

Basi mkono unauzoeshaje huku kwetu? Mimi ushauri wangu ni mmoja: acha mifano ya vitabuni ya kampuni za Marekani zinazouza baiskeli. Chukua kahawa.

Kyerwa ilitoka Karagwe mwaka 2012, lakini upande wa kahawa wilaya zote mbili bado ziko na chama kikuu kimoja, KDCU, na chini yake kuna vyama vya msingi, AMCOS. Kila msimu kwenye kila chama kuna mzani, kuna karani, kuna daftari: namba ya mkulima, jina, kijiji, tarehe, kilo, kahawa ya maganda au safi. Ukilitazama vizuri hilo daftari ni Excel tayari, limekosa umeme tu. Tengeneza la kwako la kubuni, mistari 400 hivi, majina ya uongo, usichukue ya watu wa kweli. Hapo una zoezi la karibu kila kitu kilichomo kwenye mtihani.

Mfano. Kilo ziko safu ya E, kijiji safu ya C, aina ya kahawa safu ya F. Unataka maganda yote yaliyotoka Nkwenda:

=SUMIFS(E2:E400,C2:C400,"Nkwenda",F2:F400,"maganda")

Hiyo ni familia moja. Ukiijua SUMIFS, basi COUNTIFS na AVERAGEIFS ni ndugu zake, tumbo moja. Usikariri kila moja peke yake.

Halafu njoo kwenye kutafuta jina kwa namba ya mkulima. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye hatari. Watu wengi wanaandika hivi:

=VLOOKUP(A2,Wakulima!A:D,2)

Inaleta jina, mtu anafurahi, anaendelea. Kumbe hakumalizia. Bila neno FALSE mwishoni, Excel haitafuti namba ile ile, inatafuta iliyo karibu, na inaamini orodha yako imepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa. Kama haijapangwa, inaweza kukuletea jina la mtu mwingine kabisa, na haitoi onyo lolote. Fikiria ni siku ya malipo. Mama wa watu kaleta magunia sita kutoka Kaisho, jina lililotokea ni la jirani yake. Hapo anayesemwa ni nani, si karani? Watasema kala hela. Na ndivyo mkulima anavyokichoka chama na kurudi kwenye butura, kuuza kahawa ikiwa bado maua. Neno moja tu hilo. Andika =VLOOKUP(A2,Wakulima!A:D,2,FALSE), au kama Excel yako ni mpya tumia XLOOKUP, yenyewe inatafuta kilekile bila kuambiwa:

=XLOOKUP(A2,Wakulima!A:A,Wakulima!B:B,"hayupo")

Lile "hayupo" ndilo utakaloona namba isipokuwepo, badala ya alama za kutisha.

Nimesema "kama Excel yako ni mpya" na hili wadau lisikilizeni. Kompyuta za kafe nyingi zina Excel 2007 au 2010. Nzuri tu kwa barua na bajeti za harusi. Lakini XLOOKUP, FILTER, SORTBY na LET hazimo hata kwenye Excel 2019, na kwenye MO-211 zinatakiwa. Utafanya mazoezi miezi mitatu kwenye mashine ya zamani, ukifika kwenye mtihani unakutana na vitu hujawahi kuviona.

Njia zipo za bure. Excel ya kwenye mtandao inataka akaunti ya Microsoft tu, na hizo fomula mpya inazo. Kasoro yake, huwezi kurekodi makro humo, na makro zimo kwenye mtihani. Mwenye laptop ya zamani nyumbani apakue LibreOffice, kuanzia toleo 24.8 la mwaka 2024 ina XLOOKUP, FILTER, SORTBY na LET, na ukishaiweka haihitaji bando. Hiyo itakupa akili ya fomula. Ila menyu zake si sawa na za Excel, kwa hiyo lazima utafute muda kwenye Excel halisi, walau wiki za mwisho, ujue kila kitufe kinakaa wapi. Kwa makro hata ile ya 2010 inafaa: View, Macros, Record Macro. Na kumbuka faili lenye makro linahifadhiwa kama .xlsm. Ukilihifadhi .xlsx makro zinabaki nyuma. Mafaili ya makro ya kupewa na watu kwenye flashi msifungue hovyo, virusi vingi ndiyo mlango wao.

Mtu asidhani haya ya matoleo ni ya kafe za kijijini peke yake. Uingereza, mwaka 2020, kwenye korona, wagonjwa 15,841 walichelewa kuingia kwenye hesabu ya taifa kwa sababu taarifa za maabara zilipitishwa kwenye faili la .xls la zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Zilizozidi zikadondoka kimya kimya. Wakati Excel tangu 2007 inafika mistari 1,048,576! Serikali nzima hiyo.

Kuna sehemu vijana wengi wanairuka, ile ya kukagua fomula: Trace Precedents, Evaluate Formula, Watch Window. Inaonekana ya kuchosha. Mimi naona ndiyo inayomtenganisha karani na mchapaji. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kuhusu madeni ya nchi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakawa wanawanukuu wakitaka matumizi yabanwe. Mwaka 2013 mwanafunzi, Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, akaomba faili lao la Excel. Akakuta wastani umeishia njiani, nchi 5 kati ya 20 zimeachwa nje ya fomula. Si kosa pekee aliloliona, lakini ndilo lililowaaibisha. Mwanafunzi! Trace Precedents inakuchorea mshale unaoonyesha fomula inachukua kuanzia wapi mpaka wapi. Bonyeza mara moja tu uone.

Upande wa hesabu za fedha kuna PMT na NPER, na hizi hata usipofanya mtihani zijue. Chukua bodaboda. Tuseme pikipiki ni shilingi 3,000,000, mkopo wa miezi 18, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kama riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki:

=PMT(2%,18,-3000000)

Inatoka kama 200,106 kwa mwezi, jumla kama 3,602,000. Lakini mkopeshaji akihesabu hiyo hiyo asilimia 2 kwenye milioni 3 yote mpaka mwisho, riba ni 1,080,000, unalipa 4,080,000. Maneno ni yale yale, "asilimia mbili kwa mwezi", tofauti inakaribia shilingi 478,000. Na ukisema mimi naweza 150,000 tu kwa mwezi, =NPER(2%,-150000,3000000) inakuambia 25.8, yaani miezi 26. Muulize mwenye pikipiki ya mkataba kama kuna mtu aliwahi kumchorea hivyo.

Vingine nitapita haraka: kulinda kurasa kwa neno la siri, Data Validation ili mtu asiandike kilo hasi, kuondoa mistari iliyojirudia, rangi zinazojiweka zenyewe kwa fomula, Goal Seek, Scenario Manager, chati za mihimili miwili na zile za Waterfall na Histogram. PivotTable na slicer zake zipe siku kadhaa, na ile kahawa yako ya mistari 400 itakutosha.

Lugha nayo. Maelekezo ni ya Kiingereza kifupi cha kuamuru. Restrict ni zuia, Consolidate ni kusanya pamoja, Modify ni badilisha, Display ni onyesha. Ukisoma kila sentensi mara tatu dakika zinaisha. Jizoeshe mapema kutumia Excel yenye menyu za Kiingereza na usome maelekezo kwa sauti. Swali likikugomea ruka, utalirudia.

Kafe tunalipa kwa saa, kwa hiyo usiende kufikiri pale. Fikiri nyumbani kwenye karatasi: andika fomula kwa peni, chora PivotTable unavyotaka itokee, nenda kafe kuijaribu tu. Saa moja yenye maandalizi inazidi saa nne za kuchungulia huku na huku. Weka saa ya simu dakika 50, ikilia simama hata kama hujamaliza. Na Ctrl+S kila baada ya kazi ndogo. Excel kwa kawaida inajiwekea akiba kila dakika 10, na umeme wetu mnaujua hausubiri dakika 10.

Kuhusu kulipa. Kituo kitafute kwenye tovuti ya Certiport yenyewe, kuna sehemu ya kutafuta vituo, usikubali mtu anayekuambia "mimi ni wakala, tuma kwa simu". Uliza mtihani ni wa toleo gani kabla hujatoa hata senti. Ukifeli mara ya kwanza unaweza kurudia baada ya saa 24, ila ada ya kwanza hairudi. Cheti halali kina namba ya uhakiki, mwajiri anaiingiza kwenye mtandao anaona jina lako. Cheti kinachouzwa bila mtihani hakina hiyo, na siku ya usaili ndiyo utajua.

Swali la mwisho ninaloulizwa: je, kitanipa kazi? Jibu langu wengine hawalipendi. Kama unataka ukarani wa AMCOS au kukaa kwenye stoo Kayanga, hicho cheti si lazima, watakuweka mbele ya kompyuta waone. Jifunze vyote, hela ya mtihani nunua laptop iliyotumika. Kama unaomba kazi kwenye mashirika Bukoba au Mwanza, ambako hawakujui na maombi yako yako kwenye rundo, hapo karatasi inasaidia. Walio na umri wa miaka 13 mpaka 22 wajue pia kuna mashindano ya dunia ya MOS, Certiport hao hao.

Zoezi la leo. Mizigo 400, kijiji safu ya C, kilo safu ya E. Karani mmoja aligonga sifuri mara mbili, kwa hiyo chochote kilichozidi kilo 1,000 hakihesabiwi. Nipeni fomula moja inayoleta mzigo mkubwa kuliko yote uliotoka Kaisho. Tupieni hapo chini. Na wenye Excel 2010 msiseme haiwezekani, njia ipo.