Tuyatunze Masikio Yetu: Hedifoni Zinapounganishwa na Amplifaya

Hapa Kisugu jioni haina kimya. Huku muziki wa Kabalagala, huku pikipiki za abiria zikipanda kuelekea Muyenga, na siku za ibada vipaza sauti navyo huchukua zamu yao. Mtu atakaye kusikiliza mpira au muziki bila kuwaamsha watoto huvaa hedifoni, akaona amewatendea jirani zake hisani. Ni kweli amewatendea, ila hisani hiyo yaweza kulipiwa na masikio yake mwenyewe.

Jirani yangu mmoja, askari wa polisi, ana amplifaya ya zamani ambayo huikodisha kwa arusi. Mwanawe wa sekondari akachomeka hedifoni humo, akaunganisha na simu, akasikiliza usiku kucha. Asubuhi baba akanijia.

“Mwalimu, kijana anasema masikio yanalia kama nyenje. Naye aapa kwamba simu aliiweka nusu tu.”

“Afande,” nikamjibu, “simu ilikuwa nusu. Na amplifaya je?”

Hapo ndipo kosa lilipo. Ushauri unaojulikana sana, wa kutopita asilimia 60 ya sauti, unahusu simu au redio ndogo inayoendesha hedifoni yenyewe. Amplifaya ikiingia kati, hesabu hiyo haina maana tena. Hedifoni nyingi za kawaida hutoa kiasi cha desibeli 100 kwa miliwati 1 tu ya umeme. Miliwati 10 huzifikisha 110, na miliwati 100, yaani sehemu ya kumi ya wati, huzifikisha 120. Amplifaya ya arusi imetengenezwa kusukuma spika kwa makumi ya wati. Ijapokuwa tundu lake la hedifoni kwa kawaida hupunguza nguvu hiyo, inayobaki ni nyingi mno, na robo tu ya mzunguko wa kifundo yaweza kutosha kudhuru. Kuziunga hedifoni moja kwa moja na nyaya za spika, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa mtaani, ni jambo la kukatazwa kabisa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua nusu. Kwa hesabu hiyo, mtu mzima akifika desibeli 101 amebakiwa na dakika kama 19 tu kwa wiki nzima. Kijana wetu alisikiliza usiku kucha.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Zikifa hazioti tena. Kwanza hupotea sauti nyembamba, hata herufi kama s, f na sh hufifia; mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini hashiki maneno. Askari wa namna hiyo atapokeaje amri kwenye redio ya upepo? Tena mwenye kuhudhuria uwanja wa shabaha amekwisha kutumia sehemu ya akiba yake, maana mlio wa bunduki hupita desibeli 140. Huyo hana masikio ya kuchezea nyumbani, na hukohuko uwanjani asiache kuvaa vizibo.

Basi afanyeje mwenye kutaka kusikiliza? Azungushe kifundo mpaka sifuri, awashe amplifaya, achomeke hedifoni, kisha ndipo azivae. Apandishe polepole, mahali penye utulivu, akome pale anapoweza bado kumsikia mtu anayesema kwa sauti ya kawaida umbali wa mkono mmoja. Si kipimo cha maabara, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Kelele za nje zikizidi baadaye, asipandishe tena. Hedifoni zenye kufunika sikio vizuri ndizo zitakazomsaidia. Umeme ukikatika, azivue mara moja, kwani ukirudi hurudi kwa kishindo na kifundo kiko pale kilipoachwa. Kila baada ya saa moja ayapumzishe masikio.

Mlio unaodumu baada ya kuvua ni onyo. Sikio likiziba ghafla, au usikivu ukipungua ghafla, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo asingoje wiki ipite, maana matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.

Kijana wa jirani yangu alipelekwa kupimwa. Mlio ulikoma baada ya siku mbili, ingawa kukoma kwake si hati ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichopotea. Baba hakumnyang'anya hedifoni, na kwa maoni yangu alifanya vyema, kwa kuwa kijana angeazima nyingine. Walikaa pamoja wakatafuta kiwango kwa njia niliyoieleza, wakatia alama kwenye kifundo kwa rangi nyekundu ya kucha. Rangi ilikuwa ya mama mwenye nyumba, naye hadi leo anadai chupa yake.