Sindano ya Picha: Je, Ni Kweli Wanatutia Chuma Mwilini?



Mama mmoja wa hapa Mbalizi alipewa rufaa kwenda kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya MRI. Alipoambiwa kuwa katikati ya kipimo atachomwa sindano ya dawa yenye metali, aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akapanda daladala kurudi nyumbani. "Mimi nimeenda kutafuta uzima, halafu wanijaze vyuma?" alituuliza. Hatukumcheka. Swali lake ni la haki, na wapo wengi wanaobaki nalo moyoni bila kumwuliza daktari. Mwezi huu tutajaribu kulijibu.

Kwa nini picha ihitaji dawa?

Tangu Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipogundua eksirei mwaka 1895, madaktari wameweza kuona mifupa bila kupasua. Lakini nyama laini za mwili hufanana sana katika picha. Ini, mshipa wa damu na uvimbe vyaweza kuonekana kama kitu kimoja. Hivyo zikatafutwa dawa za kutofautisha. Kwa kupima tumbo, mgonjwa hunywa uji mweupe wa bariamu. Kwa mishipa ya damu katika eksirei na CT Scan, huchomwa dawa yenye iodini, yaani madini joto yaleyale tunayoyafahamu katika chumvi.

MRI haitumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi, na picha yake hutokana na maji yaliyomo mwilini. Dawa yake kubwa ni metali iitwayo gadolini. Maji yaliyo karibu na gadolini huitikia sumaku upesi zaidi, na mahali hapo hung'aa katika picha. Uvimbe katika ubongo uliokuwa umejificha hujitokeza. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliruhusiwa mwaka 1988, na tangu hapo imetumiwa kwa mamilioni ya wagonjwa duniani.

Je, metali hiyo si sumu?

Ikiwa peke yake, ni sumu. Umbo lake hukaribiana na la kalsiamu, hivyo huingia mahali pa kalsiamu na kuvuruga kazi za mwili. Hata bariamu ni sumu ikiyeyuka. Ile ya hospitali ni salama kwa kuwa haiyeyuki, hupita tumboni na kutoka ilivyoingia.

Gadolini nayo haichomwi ikiwa uchi. Hufungwa ndani ya kemikali nyingine, kama ng'ombe mkali anavyofungiwa zizini. Ikiwa na zizi lake, huzunguka katika damu, kisha figo huitoa kwa njia ya mkojo, sehemu kubwa ikiwa imetoka ndani ya siku moja.

Shida huja figo zikiwa zimeharibika sana. Mwaka 2006 madaktari wa Austria na Denmark walihusisha dawa hizi na ugonjwa mbaya wa kukakamaa ngozi na viungo, uliowapata watu wenye figo zilizoshindwa kazi. Dawa ilikuwa imekaa mwilini muda mrefu, na zizi likafunguka. Ikajulikana kuwa kuna mazizi ya aina mbili: yaliyo wazi upande mmoja, na yaliyozunguka kama pete. Ya pete hushika zaidi. Mwaka 2017 nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha dawa kadhaa za aina ya kwanza. Kwa kupima figo kwanza na kuchagua dawa iliyo imara, ugonjwa ule umekuwa adimu sana.

Mafuta yanaingiaje hapa?

Wataalamu wanatafuta gari bora la kubebea metali hiyo. Mmojawapo wa magari wanayoyajaribu ni chembe ndogo sana za mafuta. Tazama maziwa ya Rungwe: ni maji yenye matone madogo ya mafuta, kila tone limevikwa utandu wake. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham alionyesha kuwa mafuta ya aina ile iliyomo katika kiini cha yai, yakitiwa ndani ya maji, hujikunja yenyewe na kuwa vifuko. Ndani ya kifuko au katika ukuta wake unaweza kupakia dawa. Vifuko vingi vya namna hiyo ni vidogo hata mamia yake yakipangwa mstari mmoja ndipo yatoshe upana wa unywele.

Kifuko kimoja chaweza kubeba maelfu ya chembe za gadolini, hivyo mahali kinapotua pang'ae zaidi. Chaweza kuwekewa alama ya kukishikiza kwenye uvimbe. Chaweza pia kubeba dawa ya kutibu pamoja na ya kuonyesha, daktari akaona kama dawa imefika. Lakini ini na bandama hukamata vifuko hivi, na kadiri metali inavyokaa ndivyo hatari ya zizi kufunguka inavyoongezeka. Kwa sababu hiyo vifuko vya gadolini bado viko katika maabara na majaribio. Usikubali mtu akuuzie.

Gari lenyewe, hata hivyo, si geni. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna husafiri ndani ya chembe za mafuta. Karibu nasi zaidi, wagonjwa zaidi ya 800 wenye UKIMWI waliopatwa na homa ya uti wa mgongo ya fangasi walishiriki utafiti katika nchi tano, zikiwemo jirani zetu Malawi na Uganda. Ile dawa kali ya amfoterisini, ambayo huumiza figo, ilipofungwa katika vifuko vya mafuta na kutolewa mara moja tu kwa kipimo kikubwa pamoja na vidonge, ilitibu vizuri kama tiba ya zamani na kudhuru kidogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Ukiambiwa utachomwa dawa ya picha:

1. Uliza ni dawa gani, na kwa nini picha isitoshe bila hiyo.
2. Sema kama una ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu. Uliza kama unahitaji kupimwa figo kwanza.
3. Sema kama dawa ya picha imewahi kukuletea vipele au kubanwa pumzi.
4. Mama mjamzito aseme mapema. Anayenyonyesha kwa kawaida huendelea kunyonyesha.
5. Kwa MRI, taja chuma chochote kilichomo mwilini: kifaa cha moyo, kipande cha risasi au vyuma vya mfupa. Sumaku ile haina mchezo.

Mama yule tulimweleza haya kwa kadiri ya uwezo wetu. Alirudi hospitali akiwa na mwanawe, akauliza maswali yake moja baada ya jingine, akapimwa figo, kisha akapigwa picha. Majibu ni yake na daktari wake. Ila alituambia jambo moja: kilichomkimbiza mara ya kwanza ni kutoelezwa, kuliko sindano yenyewe.

Basi tusione haya kuuliza. Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema.