Matusi, Utani na Sheria: Utangulizi

Taaluma unayoiingia inahusu mipaka ya maneno: lipi mtu anaweza kulisema hadharani akaachwa, na lipi litamfikisha mahakamani. Wengi huianza kwa kufungua Katiba. Mimi nakuomba uanzie msibani, huko Matombo au Kinole, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru.

Wanawake wanalia, turubai limejaa watu. Mara anatokea mtani, kavaa koti la marehemu, kashika fimbo yake, anachechemea kama alivyochechemea mwenyewe. Anamwita bahili, mlevi, mdaiwa aliyekufa makusudi asilipe deni. Jeneza likitoka anajilaza njiani, haondoki mpaka atupiwe chochote. Mengine anayoyasema ni matusi ya nguoni, na angeyatamka mtu baki angepata kipigo. Yeye haguswi. Wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka, na huyo huyo ndiye atakayehangaika na shughuli za maziko. Kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, kila ukoo unawajua watani wake. Mwanaanthropolojia James Christensen aliandika makala juu ya utani wao mwaka 1963, akaonyesha kwamba ruhusa ya kutukana hutembea na wajibu. Asiyekuja kuzika hana haki ya kukutania.

Sasa fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyoirithi kwa Waingereza tangu 1945. Kifungu cha 89 kinamtia hatiani anayemtolea mwenzake lugha chafu au ya matusi kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjifu wa amani. Adhabu yake inafika kifungo cha miezi sita. Kisome polepole. Hakuna orodha ya maneno yaliyokatazwa. Mwendesha mashtaka hamalizi kazi kwa kuthibitisha kwamba tusi lilitoka. Lazima aonyeshe pia kwamba kwa jinsi lilivyotoka, amani ilikuwa hatarini. Pale msibani amani iko wapi hatarini? Lakini mpita njia akimtupia maneno yale yale muuza nyanya nje ya Soko la Chifu Kingalu, mjini Morogoro, kesi ipo.

Je, mtani anaweza kujitetea kwa mila? Moja kwa moja, hapana. Sheria za kimila hutumika mahakamani katika madai, na jinai hufuata sheria iliyoandikwa. Hata hivyo mila huingia kama ushahidi wa hali halisi, na sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Kifungu cha 202, kinachoeleza maana ya kughadhibishwa katika kesi za mauaji, kinampima mshtakiwa kwa mtu wa kawaida wa jamii anayotoka. Ndiyo maana nashikilia kwamba hakimu anayeamua kesi ya matusi bila kuuliza hawa wawili ni nani kwa nani, ameamua nusu ya kesi.

Liko neno ambalo sheria haitaki mzaha nalo. Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa anapopeleka tuhuma hiyo kwa mamlaka. Naiunga mkono bila kusita. Tuhuma hiyo imewaua vikongwe wengi nchini kwetu.

Ugumu wa taaluma hii huanza pale tusi linapoelekezwa juu, kwa mwenye madaraka. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa kashfa ya jinai kwa sababu ya alichoandika katika jarida la chama chake, Sauti ya TANU, kuhusu maafisa wa kikoloni, akatozwa faini ya pauni 150. Haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984: Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, Ibara ya 30 inauwekea mipaka. Kesi nyingi utakazosoma zinagombania nafasi iliyopo kati ya ibara hizo mbili.

Kisha ikaja simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipotungwa mwaka 2015, kifungu cha 16 kilimwekea anayesambaza taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu, kutukana au kupotosha umma faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Linganisha na ile miezi sita ya sokoni, tena sita ndicho kiwango cha juu. Naona hapa tumepotea njia. Maneno ya mtani yakirekodiwa na kurushwa WhatsApp, anayeyasikia Mwanza au Muscat haoni jeneza wala hajui koo. Tena si sheria ya mtandao peke yake yenye kasoro: mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na udhaifu mmojawapo ulikuwa kutoeleweka kwa lugha yake. Raia hawezi kuutii mpaka asioweza kuuona.

Uwanja huu una kazi nyingi ambazo hazijafanywa, na wewe unayesoma sheria Mzumbe au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro una bahati: mahakama iko mjini, na milima ya Waluguru unaiona ukiwa darasani. Kaa mahakamani usikilize kesi za lugha ya matusi, uandike nani alimwambia nani, wapi, na mbele ya nani. Halafu panda Mgeta ukawaulize wazee mtani anakoma wapi, na akivuka anatozwa nini. Njoo na majibu hayo ndipo tufungue sura ya kwanza.