Mshahara au gawio? Hesabu ya mwenye limitedi Unguja

Kampuni nyingi ndogo za hisa Mji Mkongwe ni za ndugu, na fedha hutoka kwa mazoea ya duka. Droo ikijaa, anayesimamia huchukua, na mhasibu huitwa mwisho wa mwaka ayatafutie matumizi hayo jina. Mazoea hayo ni ghali. Kisheria kampuni ni mtu mbali na mwenyewe, na kila shilingi inayomwendea mwenye hisa lazima iwe mshahara, gawio, pango au marejesho ya mkopo. Isiyo na jina, mkaguzi wa kodi huipa la kwake, na mara nyingi si jina la bei nafuu.

Kwanza ijulikane analipwa nani. Kampuni husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na VAT yake huenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo hadi 2022 ilikuwa Bodi ya Mapato. Lakini kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Faida ya kampuni, mshahara wa mkurugenzi na gawio vyote viko chini ya TRA na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004.

Wazanzibari waliorudi kutoka Uingereza huja na ushauri wa wahasibu wa huko, kwamba mkurugenzi ajilipe mshahara mdogo na kilichobaki akichukue kama gawio. Huko ushauri huo una maana, kwa sababu gawio halikatwi michango ya Bima ya Taifa. Hapa hesabu inageuka.

Chukua mfano wa kampuni ya kutembeza watalii yenye faida ya shilingi milioni 40 kabla mwenyewe hajalipwa. Akiamua kuchukua zote kama gawio, kampuni hulipa kwanza kodi ya 30%, yaani milioni 12. Katika milioni 28 zilizobaki hukatwa kodi ya zuio ya 10%, milioni 2.8. Mkononi hufika milioni 25.2. Serikali imechukua shilingi 37 katika kila 100.

Mshahara, kinyume chake, ni gharama ya kampuni na hupunguza faida kabla haijatozwa. Sehemu yake ya kwanza haitozwi kabisa, zinazofuata hutozwa kidogo kidogo, na kiwango cha juu ni 30%. Kwa upande wa kodi ya mapato pekee, mshahara unashinda.

Hata hivyo mshahara una wenzake. Kuna michango ya ZSSF, ya mwajiri na ya mwajiriwa, na kuna tozo ya kuendeleza ujuzi. Kwa mshahara mkubwa, makato hayo yanaweza kulila pengo lote la asilimia 7, na fedha taslimu zikawa chache kuliko za gawio. Tofauti ni kwamba mchango wa ZSSF umewekwa kwa jina la mwanachama. Kijana anayehitaji mtaji sasa hivi ataona umefungwa, lakini mtu wa miaka 50 asiye na akiba nyingine ataona afadhali.

Penye utata zaidi ni mirathi. Baba akifariki, hisa hugawiwa watoto wote, wa kiume na wa kike, lakini duka hubaki mikononi mwa kaka mmoja. Gawio lingewafikia dada zake kwa kadiri ya hisa zao. Mshahara unamfikia yeye peke yake. Hivyo kaka anayejipandishia mshahara hadi faida ikaisha amepunguza kodi, na papo hapo amewanyima dada zake mapato bila kuvunja kifungu chochote cha kodi. Dada aliyeko kwenye bodi bila kuwa mwajiriwa anaweza kulipwa posho ya ukurugenzi, ambayo hukatwa zuio la 15%. Kumwandikia mshahara wa kazi asiyoifanya si njia, maana TRA inaweza kuikataa gharama hiyo.

Pango ndilo jepesi kuliko yote. Mwenye nyumba yake akiikodisha kwa kampuni, kampuni huhesabu pango kuwa gharama, hukata 10%, na kwa mtu binafsi ambaye kukodisha si biashara yake hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Kiwango kiwe cha soko, kwa mkataba ulioandikwa. Ila nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu au za Serikali, na mpangaji hawezi kujilipa pango la nyumba isiyo yake.

Lipo pia deni linalosahaulika. Aliyeanzisha kampuni kwa fedha zake akaziandika kuwa mkopo, si hisa, huzirudisha bila kodi, kwa kuwa mtaji wa mkopo si mapato. Asiye na karatasi hana cha kuonyesha. Mkopo wa upande wa pili, kampuni kumkopesha mkurugenzi wake bila riba, huhesabiwa kuwa manufaa ya ajira, isipokuwa uwe wa chini ya miezi 12 na usizidi mishahara mitatu ya msingi.

Uamuzi wowote uingie kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi kabla fedha hazijatoka. Kodi iliyozuiwa hupelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kumalizika.