MKE ASIACHWE AKINING'INIA
Nikaha, hati, na safari ya kumfuata mume ng'ambo



Hapa kwetu Misigiri, katika wilaya ya Iramba, yapita barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Usiku na mchana magari makubwa hupita yakichukua shehena za Rwanda na Kongo, na vijana wetu, kwa kuyatazama tangu utotoni, hujua mapema kwamba dunia ni pana. Wengi huishia Dar es Salaam. Wachache wamevuka bahari, wakafika Omani, Uingereza na Marekani. Hatuwalaumu, kwani ardhi ni ya Mwenyezi Mungu na riziki hutafutwa. Lakini kijana wa namna hiyo afikiapo kuoa, moyo wake hurudi nyumbani. Huwapigia simu wazee, posa ikapelekwa, mahari yakatolewa, nikaha ikafungwa. Hapo ndipo yaanzapo mambo ninayotaka kuyaeleza leo.

Mwaka 2019 nilihudhuria nikaha moja kama hiyo. Bwana arusi alikuwa mkaazi wa kudumu wa Marekani, naye alikuja kwa majuma matatu tu. Wali aliozesha mwenyewe, mashahidi wawili walikuwapo, mahari yalitajwa, nami nikasoma khutuba. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu wa chuo na hati yangu ya mkono husifiwa, niliombwa niandike. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika majina na mahari, mashahidi wakatia sahihi. Tukala pilau, tukatawanyika, kila mtu ameridhika kwamba kazi imekwisha.

Miaka mitano baadaye, alasiri moja, binti yule alikuja chuoni pamoja na baba yake. Baada ya kuamkiana akanitolea karatasi ile ile, imekunjwa kunjwa mpaka imeanza kupasuka.

"Maalim," akasema, "mume wangu ametakiwa kupeleka hati ya ndoa ili aniombee viza. Aliipeleka hii. Amejibiwa kwamba hii si hati."

Sikuwa na la kumjibu. Mkono ulioandika karatasi ile ulikuwa wangu.

KUANDIKA NI AMRI

Wako wasemao kwamba nikaha ya Kiislamu haihitaji karatasi, maana nguzo zake zajulikana: mume, mke, wali, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Kwa uhalali mbele ya Mwenyezi Mungu maneno hayo ni kweli. Lakini tufungue Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani Tukufu. Humo tumeamrishwa kuandika deni la muda, dogo kwa kubwa, na mwandishi ameonywa asikatae kuandika. Basi ikiwa deni la fedha huandikwa, je, agano la mume na mke, ambalo ndani yake mna mahari, urithi na nasaba ya watoto, litaachwa katika vinywa vya watu ambao kesho watakufa?

Sheria ya nchi yetu nayo haipingani na jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitambua ndoa ya Kiislamu na yataka isajiliwe. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla; ndoa hufungishwa na mwenye leseni mbele ya mashahidi, kisha hati hutolewa. Kumbukumbu hutunzwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Ndoa haibatiliki kwa kukosa kusajiliwa tu. Lakini afisa wa viza aliye ng'ambo hakuhudhuria karamu yetu wala hakumsikia wali. Yeye ana macho ya kusoma hati, basi.

NJIA YA MAOMBI

Mimi si mwanasheria. Naeleza niliyojifunza katika kumsaidia binti huyu, na kila mtu aulize ubalozi wenyewe kabla ya kutoa hata senti.

Kwa Marekani, aanzaye ni mume. Hupeleka kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji ombi liitwalo I-130, pamoja na hati ya ndoa. Na hati iliyoandikwa kwa Kiswahili huambatanishwa na tafsiri kamili ya Kiingereza, ambayo mfasiri ameithibitisha kwa sahihi yake. Ombi likikubaliwa, jalada huenda katika Kituo cha Taifa cha Viza. Huko hutakiwa hati ya kuzaliwa ya mke, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na ahadi ya kisheria ya mume kwamba atamtunza mkewe. Nayo kwa kawaida hupimwa kwa pato lisilopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha nchi ile. Mwisho ni uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeteuliwa, na mahojiano mbele ya afisa wa ubalozi.

Wali na amuulize mchumba mapema: wewe ni raia wa huko, au mkaazi wa kudumu? Mke wa raia hangoji zamu ya hesabu. Mke wa mkaazi yumo katika fungu lenye idadi maalumu kila mwaka, na zamu yake yaweza kukawia. Hata raia wa Marekani, ikiwa anaishi nchi nyingine, tuseme Omani au hapa hapa Tanzania, hutakiwa kuthibitisha kwamba makazi yake bado yako Marekani au kwamba anarudi kukaa huko, ndipo ahadi yake ya kumtunza mke ikubaliwe.

Uingereza nayo ina mizani yake. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 aombaye kwa mara ya kwanza kumleta mkewe hutakiwa kuwa na pato la pauni 29,000 kwa mwaka. Zamani lilikuwa pauni 18,600. Mke anayeishi Tanzania hupimwa kifua kikuu, na hutakiwa kujua Kiingereza cha kuanzia.

Akina mama huuliza habari za picha. Kwa viza ya Marekani, mwanamke avaaye mtandio kwa ajili ya dini hakatazwi kuuvaa katika picha, ila uso wote uonekane. Basi jambo hili lisiwatishe.

JINA MOJA KATIKA HATI ZOTE

Mama yetu Bibi Khadija, radhi za Mungu ziwe juu yake, jina lake kwetu huandikwa Khadija, Hadija, na hata Hatija. Sisi hatuoni tofauti, lakini mbele ya afisa hao ni wanawake watatu. Binti yule jina lake lilikuwa hivi katika cheti cha kuzaliwa, vile katika pasi ya safari, na vingine katika karatasi yangu mimi. Niliandika kama nilivyosikia.

Tukumbuke mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra. Wajumbe wa Kuraishi walipokataa cheo cha Utume katika maandiko, Mtukufu Mtume, s.a.w., alikubali liandikwe jina lake na la baba yake, kama lilivyotambuliwa na pande zote mbili. Hakupungukiwa na utukufu wowote, na mkataba ukapita. Nasi kabla ya kuandika nikaha tuviweke cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa mbele ya macho yetu, tunakili herufi kwa herufi.

NIKAHA KWA WAKALA

Vijana wengi wa ng'ambo, kwa kukosa nauli au likizo, huoa kwa wakala. Hili lina asili njema. Bibi Umm Habiba, binti Abu Sufyani, alikuwa mhamiaji katika nchi ya Habasha na mumewe akafia huko. Mtukufu Mtume, s.a.w., akiwa Madina, alimposa kwa njia ya Najashi, mfalme wa nchi ile. Wakala wake alikuwa Khalid bin Said, na katika mapokezi mashuhuri Najashi alitoa mahari ya dinari 400. Kisha bibi huyo akasafirishwa kwa heshima mpaka Madina kwa mumewe.

Kwa hiyo kisheria ya dini hapana shaka. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani haimhesabu kuwa mke yule aliyeolewa bila ya wawili hao kuhudhuria pamoja, mpaka wawe wamekutana kama mke na mume baada ya nikaha. Basi anayeoa kwa wakala ajue kwamba yampasa aje nyumbani kwa mkewe kabla ya kupeleka ombi, na atunze tiketi na mihuri ya pasi yake iwe ushahidi.

TALAKA NA WAKE WENGI

Sheria yetu ya mwaka 1971 huichukua ndoa ya Kiislamu kuwa yaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, isipokuwa ithibitishwe vingine. Jambo hilo peke yake halimzuii mke wa pekee. Lakini Marekani haimpokei mhamiaji ajaye kuishi na wake wengi, na Uingereza kwa sheria yake ya mwaka 1988 imemfungia mlango mke wa pili. Anayeahidi kuwachukua wawili anaahidi asichokimiliki.

Zaidi ya hayo yapo mashaka ya talaka. Mtu humwacha mke kwa mdomo, akahesabu kwamba yamekwisha, akaoa mwingine. Kwa sheria ya nchi, shauri hupita kwanza katika baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itoayo amri ya talaka. Asiyekuwa na amri hiyo, akiulizwa ng'ambo kama yu huru kuoa, atajibu kwa kitu gani?

TUSEME KWELI

Wako pia wanaofunga ndoa ya makaratasi, hawana nia ya kuishi pamoja, ila kuvuka mpaka tu. Kwa Marekani kosa hilo laweza kumtia mtu gerezani miaka mitano na kumtoza faini ya hadi dola 250,000, na aliyebainika hufungiwa milele kuombewa viza kwa njia ya ndoa. Hasara ya dunia ndiyo hiyo. Nikaha ni ibada, na mwenye kuifanyia mzaha amemdhihaki aliyeiweka. Vile vile jihadharini na madalali wadaio kwamba wana mtu wao ubalozini. Ada hulipwa kwa serikali na risiti hutolewa. Ya I-130 iliwekwa tarehe 1 Aprili 2024 kuwa dola 675 kwa karatasi na 625 kwa njia ya intaneti. Anayetaka malipo yasiyo na risiti ni mwizi.

HAKI YA MKE ANAYENGOJA

Sasa niwarudishe kwa binti yule. Tulikwenda Kiomboi, mimi, wali na mashahidi wote wawili, tukaeleza yaliyopita, tukafuata taratibu tulizoambiwa. Nashukuru kwamba wote tulikuwa hai. Mwaka 2025 hati ikapatikana, majina yakasahihishwa, na mume akapeleka ombi lake upya.

Lakini mwezi wa Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi tangazo la kuzuia viza za uhamiaji kwa raia wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, isipokuwa kwa watu wachache, nalo likaanza tarehe 1 Januari 2026. Matangazo ya namna hii huwekwa na huondolewa, na mimi siwezi kusema yatakayokuwa. Najua hili moja: kama mwaka 2019 ningeandika ipasavyo, au ningemwita mwenye leseni, binti huyu angekuwa na miaka mingi ya mlango kuwa wazi. Baba yake hajanilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake ndicho kinachonisumbua nisomapo aya ile ya mwandishi.

Sura ya An-Nisaa, aya ya 129, yatukataza kumwacha mke kama kitu kilichotundikwa, si mwenye mume wala si aliyeachwa. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar, r.a., alimsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke wa mume aliye vitani. Akamwendea binti yake Bibi Hafsa, akamuuliza mwanamke huweza kusubiri muda gani, naye akamtajia miezi michache tu. Basi Umar akaagiza askari wasizuiliwe mbali na wake zao kupita muda huo. Hao walikuwa vitani kwa ajili ya dini. Je, sisi tuendao kutafuta mshahara?

Kwa hiyo, ewe kijana uliye ng'ambo, viza ikikawia, haki haikawii. Tuma matumizi kila mwezi. Piga simu, nawe useme kweli hata ikiwa chungu. Njoo nyumbani kila uwezapo. Na ukiona njia imefungika kabisa, kaa na mkeo na wazee mshauriane: ama urudi, ama mtafute nchi nyingine itakayowakusanya, ama yeye apewe hiari yake kwa wema. Mume wa binti yule ameahidi kuja mwaka huu kabla ya Ramadhani, na nauli ameshaiweka.

Nanyi wazee na walimu wenzangu, siku ya nikaha msiulize pilau limeiva kabla ya kuuliza hati iko wapi. Mimi tangu siku ile sisomi khutuba mpaka niwe nimemwona mwenye leseni ameketi na kitabu chake.

Mwenyezi Mungu awakusanye waliotengwa na bahari, na atusamehe sisi tuliopewa kalamu tukaifanyia uzembe. Amin.