Kichupa cha Dozi Kumi

Mtoto wa miezi saba kwa kawaida hana chanjo ya surua, na si kwa uzembe wa mama yake. Ratiba ya Tanzania, kama ya Kenya, inampa dozi ya kwanza akifikisha miezi 9 na ya pili miezi 18, kwa sababu kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama huweza kuzuia chanjo isishike vizuri. Tatizo ni kwamba kinga hiyo huanza kupungua kabla tarehe ya sindano haijafika. Katika pengo hilo anategemea kinga ya wanaomzunguka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema chanjo yoyote ni shauri la mtu na mwili wake. Kwa pepopunda hoja hiyo ina uzito: vijidudu vyake viko udongoni, haviambukizwi mtu kwa mtu, na hata kijiji kizima kikichanjwa, asiyechanjwa akikanyaga msumari yumo hatarini vilevile. Surua ni habari nyingine. Mgonjwa mmoja, penye watu wasio na kinga, huweza kuambukiza 12 hadi 18. Huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Ili kuuzima mnyororo huo inatakiwa watu wapatao 95 katika kila 100 wawe na kinga. Anayekataa hapa anamwamulia na mtoto wa jirani.

Lakini wajibu huo hauwaangukii wazazi peke yao. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga, mara nyingi katika kichupa cha dozi 10. Ukishachanganywa na kimiminika chake, lazima utumike ndani ya saa sita, kitakachobaki kinamwagwa. Sharti hilo lina sababu nzito. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ambamo bomba moja la sindano lilitumika kwa siku kadhaa na chanjo ikakaa nje ya jokofu.

Sasa mtazame muuguzi wa zahanati mwenye watoto wawili tu kwenye benchi. Akifungua kichupa, huenda akamwaga dozi nane, na atatakiwa kuzitolea maelezo kwenye ripoti ya mwezi. Basi anasema, “Mama, njoo Alhamisi, watoto watakuwa wengi.” Mama huyo amelipa bodaboda na kufunga genge lake. Alhamisi haji, na kwenye rejista mwanawe anahesabiwa mtoro.

Kumwita mtoro ni kumwonea. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata akiwepo mtoto mmoja. Vipo pia vichupa vya dozi 5, ingawa gharama ya kila dozi huwa juu zaidi. Dozi za kumwagwa ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na muuguzi aulizwe kwanza ni watoto wangapi waliondoka bila sindano.

Nawe mzazi, ukiambiwa urudi siku nyingine, omba tarehe iandikwe kwenye kadi ya kliniki, kisha umwone mganga mfawidhi umuulize kwa nini kichupa hakikufunguliwa.